Needmore Ipi?

Hobart Stidham alikuwa na ubishi mmoja mkubwa maishani, na ubishi wenyewe haukuwa na kichwa wala miguu. Alishikilia kwamba Needmore ni moja tu, hii yetu. Ukimwambia ipo nyingine ng'ambo ya vilima, katika kaunti ya jirani, alitema mate ya tumbaku pembeni, kisha akakuuliza umekunywa nini asubuhi yote hiyo.

Na jina lenyewe, jamani, si la mtu kulivimbia kifua. Wenye maduka wa mjini ndio waliotubatiza, enzi za babu zetu, kwa kuwa kila aliyeshuka kutoka bonde hili alitaka aongezewe: unga kidogo zaidi, chumvi kidogo zaidi, misumari miwili mitatu ya bure. Wakatuita Needmore, yaani wale wasiotosheka kwa kuwa hawana kitu. Watu wenye haya wangejipatia jina jingine. Sisi tulilipaka rangi kwenye kibao tukalisimamisha barabarani. Kijito kikaitwa Needmore, makaburi Needmore, kanisa Needmore, na Hobart akamaliza kazi kwa kumwita hivyo mbwa wake, maana hakuwahi kumwona ameshiba.

Dhiki nayo haikuwa yetu peke yetu. Mabonde mengine ya jimbo letu la Kentucky yalichekwa na wenye maduka wengine, yakapewa jina lilelile. Kwa hiyo kule ng'ambo nako kulikuwa na kibao, kijito, makaburi na kanisa la mbao nyeupe, na watu walioapa kwamba wao ndio wa kwanza. Huko ndiko kugombania nani alitangulia kuwa maskini. Hobart aligombania hilo tangu ujana wake. Alidai babu yake alikosa chakula kabla babu wa mtu yeyote wa kule hajakosa.

Kazi yake ilikuwa tumbaku, kama wengi wetu. Aliipanda, aliikata, aliitundika bandani ikauke, akaipeleka mnadani na kurudi akilalamika. Mkewe Opal alikuwa mtu wa maana, na Mungu anajua alimpataje. Opal alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwomba jambo moja tu: binti yao Nadine akiolewa, Hobart amshike mkono amfikishe madhabahuni, asimwache apite peke yake kama yatima. Hobart akaahidi. Tukamzika Opal penye mteremko wa makaburi yetu, na tangu siku hiyo ahadi ile ndiyo iliyobaki ndani ya nyumba ile.

Nadine alikwenda mjini kushona mashati kiwandani. Huko akakutana na kijana fundi wa mashine, Garland Pruitt, mpole, mwenye masikio makubwa, asiye na kosa lolote ila moja. Siku alipokuja kujitambulisha, Hobart alimuuliza kwao ni wapi.

"Needmore, mzee," akasema Garland, akitabasamu, akidhani amepata bahati.

Hobart akamtazama juu mpaka chini. "Needmore ni hapa. Mimi sijakuona hapa."

"Ile ya ng'ambo, mzee."

"Hakuna ya ng'ambo."

"Baba, usianze," akasema Nadine.

Akaanza. Aliongea mpaka mkate wa mahindi ukapoa mezani. Alisema watu wa kule ni wezi wa jina, na mwizi wa jina anaweza kuiba hata kuku. Alisema mguu wake hautakanyaga huko, akiwa hai au amebebwa. Garland alikula maharage yake kimya kimya, akashukuru, akaondoka. Nadine akaondoka naye, na kwa majira mawili ya tumbaku hatukumwona ila siku ya kupamba makaburi, mwezi wa tano, alipokuja na maua ya mama yake. Akaweka maua, akasalimia, akaenda zake.

Halafu simu ya jikoni kwa Hobart ikalia. Alikuja mbio kwa Zelma Crace kutoa habari. Zelma ndiye aliyeshika ufunguo wa kanisa na kupiga kinanda, mjane, mwenye ulimi, na mtu pekee wa bonde hili ambaye Hobart alimwogopa kidogo. Sisi wengine tulikuwa barazani pake tukimenya maharage, kwa hiyo tulisikia yote.

"Dada Zelma, Nadine anaolewa. Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Na unajua wapi?"

"Sijui. Nieleze."

"Kanisani kwetu." Akalirudia polepole, kila silabi. "Kasema hivi: 'Baba, ndoa ni kanisani kwetu Needmore. Waalike na majirani. Njoo mapema kidogo.' Kwetu, dada. Umesikia? Wamekubali. Wamekuja kwa magoti."

Zelma akaendelea kumenya. "Ulimuuliza Needmore ipi?"

"Ziko ngapi?"

"Hobart, mimi si mbwa wako. Nakuuliza swali. Ulimuuliza?"

"Binti yangu akisema kwetu, kwao ni wapi? Alizaliwa wapi? Mama yake amelala wapi?"

"Na hilo 'njoo mapema'? Uje wapi, nawe uko hapa hapa? Mtu hamwambii mwenye nyumba njoo."

"Kutoka nyumbani kwangu mpaka kanisani si kwenda?"

"Kwenda ndiyo. Kuja sijui. Shika simu umuulize, Hobart. Kuuliza si ujinga."

Hapo ndipo tulipomwona Hobart anakodoa macho kwenye bakuli la maharage kana kwamba limemtukana. Wengine husema hakujua. Mimi nasema alijua nusu, na nusu nyingine hakuitaka. Mtu aliyeishi miaka yote akisema kitu hakipo hawezi kushika simu akauliza kiko upande gani. Angeuliza, angekuwa amekubali. Basi akachagua kutouliza, akaita ujinga huo heshima.

"Sipigi," akasema. "Sitamtia binti yangu aibu kwa kumuuliza kwao ni wapi."

Ikawa hivyo. Wiki nzima Hobart alipaka kanisa chokaa, kanisa ambalo mhubiri hulifikia mara moja kwa mwezi akikumbuka. Alifukuza nyigu mnarani. Aliosha vioo na kubandika utepe mweupe kwenye viti. Alimkogesha hata yule mbwa. Mtu alimuuliza mhubiri ni nani siku hiyo, akajibu kwamba watu wa kule watakuja na mhubiri wao, kwa kuwa ndio wanaoomba. Sisi nasi, majirani wema, tulijua tunachokijua, na hakuna aliyefungua kinywa zaidi ya Zelma. Tulikaanga kuku. Tulioka keki za tufaha za tabaka. Haya, niseme ukweli: tulitaka kuona. Hobart alikuwa ametuchosha miaka mingi na tulingoja kwa hamu aanguke.

Jumamosi saa nane bonde zima lilikuwa limeketi. Hobart alisimama mlangoni na suti yake ya kumzikia Opal, ua kifuani, mkono wa kushoto ameukunja tayari kushikwa. Barabara ilikuwa tupu. Tukasikia kijito. Mtoto wa mtu akauliza bibi harusi yuko wapi, akafinywa. Zelma akapiga wimbo mmoja kwa kinanda, akaurudia, kisha akafunga kinanda na kumfuata mlangoni.

"Hobart."

"Wamechelewa. Unajua watu wa kule."

"Watu wa kule hawapo, si umesema? Basi nani amechelewa?"

Hobart akaitazama barabara tena. Mkono wake ulikuwa bado umekunjwa.

"Ulimwahidi Opal," Zelma akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Hukumwahidi kibao cha barabarani. Washa gari."

Akawasha. Tulimtazama akipanda kilima na lile gari lake la kubebea tumbaku, moshi nyuma, kisha tukala kuku. Ndiyo, tulikula. Kuku hangoji.

Yaliyofuata tuliyapata kwa Nadine mwenyewe baadaye, na mengine kwa mwanamke wa kituo cha mafuta cha huko, ambaye alifurahi sana kuyasimulia. Hobart alikuwa hajui njia, kwa kuwa mtu hawezi kujua njia ya mahali ambapo hapapo. Alizunguka vilima, akapotea mara kadhaa, akaingia kituoni na suti imelowa jasho.

"Mama, natafuta kanisa la Needmore."

"Umelipita, mzee. Rudi nyuma, shika kushoto penye banda jekundu. Umetoka mbali?"

"Natoka Needmore."

Mwanamke akaweka mikono kiunoni. "Needmore ni hapa. Mimi sijakuona hapa."

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo alionyeshwa. Maneno yale Hobart aliyajua, yalikuwa yake, na sasa yalikuwa yanatoka kwa mtu mwingine, katika kinywa kilichotafuna tumbaku kama chake. Alifungua mdomo abishe. Saa ya ukutani ikamwambia asibishe.

"Ile nyingine," akasema.

"Sijakusikia, mzee."

"Nimesema natoka ile nyingine. Ya ng'ambo."

"Aa." Mwanamke akacheka kwa moyo mkunjufu kabisa. "Kumbe bado iko?"

Alifika watu wakiwa wamekaa nyasini na sahani mapajani. Kanisa lilikuwa jeupe, la mbao, lenye mnara mdogo ulioegemea kidogo kama wetu. Palikuwa na kuku wa kukaanga na keki za tufaha za tabaka. Palikuwa hata na mbwa mwembamba akizunguka chini ya meza, na Hobart hakuthubutu kuuliza anaitwaje.

Nadine alimwona kwanza. Akainuka na gauni lake, akamwendea.

"Tulikungoja," akasema. "Tulikungoja mpaka mchungaji akaogopa mvua. Garland akataka kukufuata, nikamwambia hapana, Baba hatanifanyia hivi. Amesema atakuja, atakuja."

"Nani alikushika mkono?"

"Hakuna. Baba mkwe alijitolea nikamkatalia. Nilimwambia mkono huu una mwenyewe. Nikapita peke yangu."

Hobart akaukunjua mkono wake wa kushoto, polepole, kana kwamba unauma.

"Uliniambia kwetu," akasema. "Nilikuwa kanisani, Nadine. Tangu asubuhi. Nimelipaka chokaa. Watu wote wapo. Uliniambia kanisani kwetu."

Nadine akaelewa. Angeweza kucheka, kwa kuwa waliokuwa karibu walianza kucheka, wale wezi wa jina. Hakucheka. Alimfuta baba yake vumbi mabegani, akatengeneza lile ua lililonyauka kifuani.

"Nilisema kwetu, Baba," akamwambia. "Hapa ndipo kwetu."

Akamkalisha, akamletea sahani. Garland, kijana yule wa masikio makubwa, akamwongezea kuku bila kuulizwa, na Hobart akala. Alikula kila kitu. Mtu akimuuliza anatoka wapi, alijibu "ng'ambo" na kuendelea kutafuna.

Alirudi jua likiwa limegusa kilima. Sisi tulikuwa bado uani kwa kanisa letu, tumejiweka hapo makusudi, midomo ina mafuta, kila mmoja na utani wake ameshautayarisha. Mimi mwenyewe nilikuwa na mzuri sana. Akashuka, akapita katikati yetu akaanza kubandua utepe mweupe kwenye viti, mmoja mmoja.

Zelma akamfuata ndani. Tukasogea madirishani, maana sisi ndivyo tulivyo.

"Imefungwa hiyo ndoa?"

"Imefungwa."

"Wapi?"

"Needmore."

Zelma hakuwa mtu wa kumwachia samaki aliyenasa. "Needmore ipi, Hobart?"

Akakunja utepe, akautia mfukoni mwa suti ile ya mazishi. Tukangoja. Nilikuwa na utani wangu mdomoni, na mpaka leo sijausema.

"Ya kwao Nadine," akasema.