Kishikio cha Njano

Mpaka leo, mwanangu, nikishika waya huikumbuka Ijumaa ile ya Doha. Nilikuwa kijana, nimetoka Tanga juzi tu. Karakana yetu ya Industrial Area ilipokea ndege isiyo na injini, ile inayovutwa kwa kamba na ndege nyingine hadi juu, kisha kamba ikiachiwa, ndege huelea yenyewe. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Nilipewa kazi ya kupachika transponda, kifaa cha kuijulisha rada ndege ilipo. Dashibodi yenyewe haikuzidi sinia la pilau, na saa zake zimebanana. Siku tatu nilipenyeza mikono humo mpaka vidole vikachubuka. Nilipomaliza ilipendeza, wenzangu wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Ila kishikio cha njano, kile cha kuachia kamba, nilipokivuta kilikuwa kizito. Nikajiambia ni uzee wa ndege. Ukweli ni kwamba niliona haya kufungua upya mbele ya walionisifu.

Asubuhi ile mwenye ndege, bwana mmoja mpole wa mtaa wa Al Sadd, akaja kuichukua akaruke. Mzee Shomari, Mpemba aliyekuwa fundi wetu mkuu, akaniuliza kama kuna lolote. Nikajibu hakuna. Mzee yule hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mwanangu, mkono wako umekirudia hicho kishikio mara tatu. Kina nini?"

"Kizito, mzee," nikasema.

Tukafungua. Kule nyuma nilikuwa nimezifunga nyaya zangu pamoja na kebo ya kishikio. Yule bwana angefika juu akavuta, kamba isiachie, na ndege mbili zingekuwa hatarini. Mwenye ndege akauliza nani aliyegundua kasoro hiyo. Mzee, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akamwambia, "Ni huyu hapa." Afadhali angenizaba kofi.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Utakosea, maana hakuna fundi asiyekosea. Lakini mkono ukihisi uzito, sema hapo hapo, kabla mtu hajaketi kitini. Na ukishakuwa mkubwa, ukamwona kijana anasita, muulize mara ya pili, kisha umsitiri.

Mungu akujalie ulimi usioona haya kusema kweli, na asikunyime mzee wa kukuuliza tena.