Komamanga la Mwanaidi

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile mama yangu alipotaka kulivundika komamanga. Ilikuwa enzi za Wajerumani, nami nilikuwa msichana, tukikaa kijijini Sekei. Mimi si mtu wa kuandika, herufi nilifundishwa kidogo tu misheni, kwa hiyo nikipotoka unisamehe.

Jirani yetu Mwanaidi alikuwa mke wa askari wa boma. Alitoka Pangani akiwa bibi harusi, na mbegu za komamanga amezifunga katika pindo la kanga. Akazipanda nyuma ya nyumba. Mche mmoja ukashika, ukakua, na mwaka ule ukazaa kwa mara ya kwanza, matunda mawili tu. Mimi nilikuwa nayachungulia kila nikienda kuteka maji. Ndizi zetu zipo mwaka mzima. Tunda linaloanza kwa ua jekundu wakati wa masika, halafu likakaa tu kwenye ukungu wa kipupwe bila haraka, nilikuwa sijaliona.

Ndipo mumewe akaamriwa kuhamia boma la Moshi. Mwanaidi akaja kwetu na uso umemshuka.

“Mama, nitaondoka sijaonja hata moja. Na bado ni mabichi.”

“Hilo tu?” mama akasema. “Chuma moja ulete. Nitalivundika.”

“Komamanga nalo huvundikwa?”

“Mwanangu, kuna tunda lisilovundikwa?”

Nisimsingizie mama. Mkungu wake wa ndizi haukuwahi kumkatalia. Aliufunika kwa majani makavu karibu na moto, ukatoka wa njano. Na Mwanaidi naye, kwao makomamanga aliletewa na babu yake, hakuwahi kuyachuma. Nani alikosea zaidi, sijui.

Mama alipolifunua, ganda lilikuwa limesinyaa. Ndani punje zilikuwa nyeupe. Nikatia moja mdomoni: uchachu na ukakasi, ulimi ukakauka. Mama alitemea majivuni. Mwanaidi alitafuna zake zote polepole, machozi yanamlengalenga, akasema, “Harufu ni yenyewe, mama.” Kesho yake wakaondoka.

 Mama alikwenda akalizungushia lile lililobaki mtini majani makavu ya mgomba, ndege wasilione. Kipupwe kikaisha, joto likaja kabla ya vuli, nalo likaanza kuwa jekundu. Siku ganda lilipoanza kupasuka, mama akalichuma. Nilimwomba punje moja tu, nijue.

“Wewe umelisubiri,” akaniambia. “Yeye amelipanda.”

Akampa mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda Moshi kuuza magadi, amfikishie Mwanaidi. Nilinuna, sikatai. Yule mwanamke aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, anacheka.

“Mwanaidi kalila mbele yangu, hakunikaribisha hata punje. Anasema nikwambie, safari hii limevundikwa na jua.”

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Msimu uliofuata mti ulizaa zaidi, tukaonja. Ladha yake siwezi kuieleza vizuri. Ni tamu, halafu uchachu unakuja nyuma, halafu unataka tena. Mama alitafuna muda mrefu. “Bado lina uchachu,” akasema, kisha akanyoosha mkono aongezwe.

Basi mwanangu, ninaloliona ni hili, ingawa labda wewe utaona zaidi. Ulichokizoea nyumbani kwenu kisikufanye udhani umeshajua na cha jirani. Uliza kwanza. Na kama huyo uliyemuuliza naye hana hakika, kaeni mtazame pamoja, maana kuna kitu hukamilika ndani karibu na moto, na kuna kitu hukamilika pale pale kiliponing’inia. Ukikosea, fanya kama mama: linda kilichobaki, kisha kimfikie mwenyewe.

Mungu akupe subira ya kungoja msimu wako, na ukiwa mbali, usikose mtu wa kukuletea tunda lako.