Karani Akataa Mistari Mizuri

Hospitalini walimwita Karani, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo hivyo akitaka kuletewa dawa zake. Miaka kumi na tisa alikaa masjala, chumba cha chini chenye rafu hadi darini na taa moja inayokonyeza, akitoa majalada ya wagonjwa na kuyarudisha. Jalada likipotea, madaktari hawakusema litafutwe. Walisema, "Mwiteni Karani."

Kisha hospitali ikanunua kompyuta, na amri ikatoka kwamba majalada yote yaingizwe humo. Karani na wenzake wawili wakaingiza, kadi baada ya kadi, miaka miwili mizima. Wenzake walilalamikia vidole. Yeye alilalamikia mashine. Inajuaje kwamba huyu wa leo ndiye yule wa mwaka juzi? Fundi wa kompyuta alimjibu mpaka akachoka, mwishowe akampa kitabu ili apumzike. Kitabu kikamtia hamu, akahamia kwenye masomo ya bure ya mtandaoni, na pole pole akaanza kuandika programu zake ndogondogo za kumpunguzia kazi.

Majalada yalipokwisha, ikaja barua: masjala itafungwa mwezi wa sita, na makarani wote watatu kazi yao imekoma. Karani alikuwa na miaka arobaini na mbili. "Nimejifukuza kazi kwa vidole vyangu mwenyewe," aliwaambia wenzake, wakacheka wote watatu, ila kicheko hakikufika mbali.

Ndipo kampuni moja inayotengeneza programu za hospitali ilipotangaza nafasi, naye akaomba.

Sasa, nyumbani alikuwepo mdogo wake wa kiume, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia tangu alipokwenda chuo kusomea kompyuta. Alikuwa akifundisha somo hilo katika shule ya watu binafsi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kampuni ile ile. Alishasailiwa huko mara mbili. Mara ya kwanza walimsimamisha mbele ya ubao, kila alichokijua kikamtoka kichwani. Mara ya pili alifika hatua ya mwisho, akasubiri wiki tatu, akaletewa barua ya mistari miwili ya kumtakia heri. Barua hiyo hakuitupa. Aliikunja akaiweka ndani ya kamusi.

"Wale watu, dada, hawakupi nafasi ya kupumua," alimwonya. "Ukisita kidogo tu, wanaandika."

"Wanaandika nini?"

"Hujui. Hapo ndipo unapokwisha."

"Mimi nimefokewa na madaktari bingwa, bwana mdogo. Watu wanaoandika kimya kimya watanifanya nini?"

Usaili wa kwanza ulikuwa wa simu, akavuka. Wa pili ulikuwa kazi ya kufanyia nyumbani. Aliletewa orodha mbili za wagonjwa wa kubuni, kutoka tawi la juu na tawi la chini la kliniki moja, aandike programu ya kuziunganisha ziwe moja, kila mgonjwa aonekane mara moja tu. Juu kabisa palikuwa na sentensi iliyokolezwa wino: kazi hii iwe ya mkono wako mwenyewe.

Karani alifunga kibwebwe. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili alikaa kwenye meza ya chakula, na Injinia akimzunguka kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Haya majina gani? Weka kando, uliza mtu. Dada, hii ni programu au orodha ya sokoni?"

"Nimeipa jina la inachokifanya. Inaweka kando."

"Na hii mistari kumi na moja ya nini? Ningekufanyia kwa mitatu."

"Hujaulizwa, mwalimu."

Jumatatu asubuhi, akiwa anapiga pasi sare yake, Karani alimwomba aitumie kampuni faili la kazi ile kwa barua pepe. Injinia akaketi mbele ya mashine. Akakaa. Pasi ikamaliza gauni, ikamaliza na kitambaa cha kichwa.

"Mbona kimya?"

"Mtandao huu," Injinia akasema, bila kugeuka. Baada ya muda akasimama. "Imekwenda, dada. Safi kabisa."

Siku kumi baadaye akaitwa. Ghorofa ya nne, chumba cha kungojea chenye viti vya kijivu na chombo cha maji kinachobubujika kila mtu akikaribia kutulia. Waliokuwa wakisubiri walikuwa watano, wanne wao wangeweza kuwa wanawe. Mmoja, mwenye begi la mgongoni, akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Namsubiri atakayenisaili."

Kijana akaangalia viatu vyake. Karani akamhurumia, akamsogezea kiti. Mara mlango ukafunguka, akatoka msichana aliyetangulia, uso umemshuka. Wakamuuliza vipi huko ndani.

"Wamenipa maji," akasema. "Nimeyanywa yote. Ni kitu pekee nilichofanya bila kukosea."

Wote wakacheka.

Zamu yake ilipofika, Karani aliwakuta wawili ndani: mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa kamba, ndiye mkuu wa kitengo, na kijana mwenye ndevu aliyekuwa na kompyuta, daftari na kalamu. Wakasalimiana, wakamkalisha. Kijana akabonyeza kitu, na kazi ya Karani ikatokea ukutani, kubwa kama pazia.

Haikuwa yake.

Karani aliutambua mwandiko wa makarani wote aliofanya nao kazi, waliostaafu na waliokufa. Akitazama kadi alijua ni nani aliyeijaza na kama siku hiyo alikuwa na haraka. Huu ulikuwa mkono wa Injinia. Weka kando haikuwepo. Uliza mtu haikuwepo. Mistari kumi na moja ilikuwa imefyekwa, na mahali pake imesimama mitatu, mifupi, imenyooka kama askari wa gwaride.

Akakumbuka pasi, na ule ukimya.

"Tuanzie hapa," mama mwenye miwani akasema, akionyesha ile mitatu. "Ulipoandika hivi, ulikuwa unawaza nini?"

Mistari ile Karani aliielewa. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu vikifanana, hao ni mtu mmoja, futa wa pili. Angeweza kuieleza vizuri tu na wasingejua. Akisema si yake, sentensi ile ya wino mzito ingemtoa mlangoni saa hiyo hiyo, na mwezi wa sita ulikuwa umebakiza siku ishirini uingie. Akimtaja Injinia, basi jina lake, ambalo tayari limo kwenye makabati yao mara mbili, lingefungiwa humo moja kwa moja.

Kalamu ya kijana ikaanza kuandika. Karani akapiga moyo konde.

"Hapo sikuwaza kitu," akasema. "Mistari hiyo sikuiandika mimi."

Kalamu ikasimama. "Imeandikwa na nani?"

"Na mtu wa nyumbani anayenitakia mema. Nilimwomba aitume, akaona aipambe kwanza. Sikujua mpaka sasa hivi, lakini mashine nilimwachia mimi, kwa hiyo kosa ni langu. Jina lake sitalitaja."

Mama mwenye miwani akaishusha miwani yake kifuani. "Unajua utaratibu wetu unasemaje."

"Najua. Ila kabla sijaondoka, naomba niwaonyeshe niliyoandika mimi. Ni mirefu na haipendezi."

Wakatazamana. Kijana akampa kalamu ya ubao.

Karani akaandika yote kumi na moja kwa mkono wa masjala, herufi za duara zinazosomeka kutoka mlangoni. Jina, tarehe na simu vikifanana, angalia tena. Kama watu hao wawili wametoka tawi moja, siku moja, na namba za kadi zao zinafuatana, usifute. Weka kando, uliza mtu.

"Kwa nini?" kijana akauliza. "Kila kitu kimefanana."

"Mtoto akizaliwa hana jina. Kwenye kadi tunaandika Mtoto wa fulani, jina la mama. Wakizaliwa mapacha, tunaandika hivyo mara mbili. Jina moja, siku moja, simu moja ya mama. Mashine ikiwafanya mmoja, mmoja anachanjwa mara mbili na mwenzake hachanjwi kabisa. Nimeshawahi kuwatafuta mapacha wa namna hiyo kwenye rafu siku mbili, mama yao amekaa mlangoni."

Kijana akainakili mistari ile kwenye mashine, akaiendesha, jozi mbili zikabaki kando. Akamgeukia mkuu wake, naye akatikisa kichwa kidogo kukubali.

"Tulizitia makusudi," mama yule akasema. "Wengi zinawapotea."

Wakaendelea kumuuliza. Programu hii itafanyaje wagonjwa wakiwa milioni? Hajui. Kazi hii angeigawaje kwa mashine kumi? Hajui hilo pia, na alisema hivyo, na kalamu iliandika kila mara. Akanywa maji yake nusu, akaaga.

Nyumbani Injinia alimpokea mlangoni. "Enhee?"

"Kaa chini kwanza." Akamweleza yote, hakupunguza wala kuongeza. Injinia akashika tama.

"Hukunitaja?"

"Nikutaje ili iweje?"

"Nilitaka tu..." Akaacha. Kisha akasema, kama anaongea na meza, "Mapacha. Na ile mara yangu ya pili kulikuwa na orodha pia. Ya wateja wa duka. Nilimaliza kabla ya wote."

Karani alimmiminia chai.

Simu ikaja siku ya nane. Nafasi ya kuandika programu hawakumpa, na kwenye jalada lake waliandika kuhusu lile faili, mama mwenye miwani hakumficha. Walimpa miezi mitatu ya majaribio kwenye meza ya kukagua programu kabla hazijapelekwa hospitalini. Kazi yake ingekuwa kutafuta zinapokosea. Akakubali papo hapo.

Jioni ile Injinia aliifungua kamusi, akaitoa barua yake, akaisoma, akairudisha. Halafu akaleta kompyuta yake mezani, akaisukuma mbele ya dada yake. Kwenye kioo palikuwa na ile kazi yake ya orodha ya duka.

"Dada," akasema, "hebu nitazamie. Usiguse kitu. Tazama tu."