Neno Chini ya Picha Tisa

Skolastika ameandika vibao vya maduka ya Mfaranyaki miaka thelathini, wala hajawahi kukosea herufi. Mwaka huu alichora sura za wanawake tisa wa Mshangano walionyang'anywa mashamba yao, na kikundi kimoja cha sanaa kikazitundika katika ukumbi wa kikundi hicho. Siku ya ufunguzi wa maonyesho, jamani, akakuta chini ya picha pamebandikwa karatasi: "Wanawake hawa walihama mwaka juzi."

Akamwita kijana msimamizi. "Dastan! Nani alihama?"

"Shikamoo, mama. Hilo ni neno tu. Wageni rasmi wanakuja, tusiwaudhi."

"Marahaba ya nini! Anayehama hufunga mizigo akaaga majirani. Yasinta huyu pichani alitolewa shambani mahindi yake yakitoa mbelewele! Wiki ijayo wote tisa wako mbele ya baraza la ardhi. Wakiambiwa walihama wenyewe, watadai nini?"

"Lakini karatasi imeshachapwa, mama..."

"Wewe umechapa. Mimi naandika."

Akatoa mkobani brashi na kopo la rangi nyekundu, akachovya, akaandika ukutani, juu ya picha zote tisa, kwa herufi nene za kibao cha duka: WALIHAMISHWA. Wageni rasmi walipoingia, rangi ilikuwa bado inachuruzika, naye amesimama papo hapo, anamngoja wa kumwambia afute.