Kijiti na Mzigo wa Jumamosi

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Hapana, nasema uongo. Sabini na sita, maana pasi ya mkaa tulikuwa tumeshaiweka kando. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi kwa fundi cherehani mmoja mwembamba tuliyemwita Kijiti. Duka lake lilikuwa chini ya jengo. Yeye na mama yake walikaa ghorofa ya tatu.

Mama huyo, Bi Mkubwa, miguu ilimgomea. Miaka miwili hakuiona barabara ila dirishani. Majirani wanne walijitolea kumshusha na kitanda chake, akakataa.

"Mimi si kabati," alisema. "Atanishusha niliyemzaa, au nibaki huku huku."

Basi Kijiti akaomba ekseli kuukuu kwenye gereji ya jirani, akaivika gia mbili nzito huku na huku, ikawa chuma cha kunyanyua. Mazoezi yake yalituchekesha. Jumamosi tu, duka likishafungwa, dakika kumi hazifiki. Ananyanyua polepole, anashusha polepole zaidi, mpaka mikono inakataa kabisa. Halafu siku saba chuma hakigusi.

"Wewe unanyanyua chuma au unakata kucha?" makanika wa gereji ile alimtania. "Mara moja kwa wiki!"

"Chuma kinabomoa, ndugu yangu. Kinachojenga ni kupumzika. Ukibomoa kila siku, utajenga lini?"

Mimi sikumwamini. Nikawa nanyanyua kila asubuhi kwa siri. Wiki ya pili hata pasi ikanishinda. Hakunicheka, Mungu amrehemu. Alinikalisha kitini, akapiga pasi mwenyewe.

Kila mwezi aliongeza kitu kwenye ekseli: nati kubwa, kipande cha reli, chochote. Mwaka ukazunguka. Jumamosi moja asubuhi akambeba Bi Mkubwa mikononi, ngazi arobaini na nane, bila kutua.

"Taratibu, mwanangu! Ukiniangusha nitakuchapa hapa hapa chini."

Makanika alivua kofia.

Tulimweka mlangoni. Aliwasalimu wapita njia wote, akamgombeza mteja mmoja kwa kola chafu. Jioni akasema, "Haya, nirudishe."

Kijiti akazitazama ngazi, akafuta uso. "Mama, nguvu zimekwisha. Masharti yangu unayajua, siku saba."

"Na siku saba nilale wapi?"

"Hapa."

Tukamtandikia godoro juu ya meza ya kukatia vitambaa, Kijiti akalala chini pembeni yake. Ile wiki, jamani! Rafiki zake wa zamani, ambao ngazi ziliwashinda, walikuja mmoja mmoja na vigoda vyao. Kicheko chao kilizidi mlio wa cherehani. Wateja waliacha suruali zao hata kama hazikuchanika, wapate sababu ya kukaa kidogo.

Siku ya tatu nilimkuta Kijiti stoo, majora mawili ya kitambaa begani, anapiga mluzi. Aliponiona akayatua haraka, akajishika kiuno.

Jumamosi akampandisha. Bi Mkubwa hakushuka tena akiwa hai. Mwezi uliofuata alifariki usingizini.

Nilimuuliza Kijiti mara nyingi, mpaka sote tukaota mvi. Alikuwa akiinama tu, akitafuta tundu la sindano. Sasa naye ametangulia, na makanika anasema nisimsumbue marehemu. Jumamosi ile ya kwanza, nguvu zilikuwa zimekwisha kweli?