Rufaa ya Mchinjaji Aliyekwisha Fungwa

Siku niliyotoka jela nilikuta kisu changu kimeviringishwa kitambaa na kuwekwa darini, kama kitu cha marehemu. Nikamwuliza mke wangu, "Mbona umekificha?" Akasema, "Nani atakuita uchinje?"

Kazi yangu ilikuwa kuchinja. Si bucha, la, bucha ni kuuza nyama. Mimi naitwa kwenye harusi na hitima hapa Kariakoo, nachinja kwa bismillahi, nachuna, napewa shingo na ngozi, naenda zangu. Ndio ujira wetu tangu babu zetu. Enzi hizo za Mwingereza nyumba zilikuwa za udongo na makuti, vichochoro mchanga mtupu, na mbuzi akilia nyumba hii, mtaa wa tatu wanajua nani kachinja. Sasa mtu anakula nyama hata hajui imepita mkono gani. Haya, tuyaache hayo.

Asubuhi moja alinijia mtu nisiyemjua, na beberu, akasema anamfanyia mamake hitima. Nikamchinjia uani alikopanga. Nikapewa changu, ngozi nikaiwamba ukutani kwangu, upande wa barabarani, kila mpita njia aione. Kesho yake akapita Mwarabu mwenye duka, mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Akaitazama ngozi, akaona alama ya moto aliyompiga beberu wake. Yule mtu wa hitima alikwisha panda garimoshi kwenda bara, na nyama kaiuza. Hitima hakuna, mama hakuna. Mwarabu akanishtaki kwa Bwana Shauri, hakimu wa Kizungu, nami nikasema ngozi ni yangu, nimepewa. Akasema mwenye ngozi ndiye mwenye mbuzi. Miezi sita, kuvunja mawe.

Ya jela sina haja nayo, ila mnyapara wetu alikuwa mtu wa kwetu Kisarawe, tumetiwa jando pamoja, akajifanya hanijui. Mpaka leo najiuliza alikuwa ananionea haya au ananiogopa.

Nilipotoka ndipo nikajua kwamba kifungo kimenisubiri mtaani. Hakuna aliyenitukana. Wananiamkia, wananipa kahawa, lakini wakiwa na harusi wanamwita mwingine. Nikamwendea shehe wa msikiti wetu.

"Mwanangu," akanambia, "dini haikukatazi kuchinja. Lakini watu wameingia shaka, na shaka siwezi kuifuta kwa hotuba. Aliyekuita mwizi ni Serikali. Nenda ikuite vingine."

Basi nikavuka uwanja wa Mnazi Mmoja kwenda kwa mwandishi wa mashauri, mtu wa Pangani, mzee wa tarbushi. Akacheka mpaka tarbushi ikaegama.

"Bwana wee, watu hukata rufaa wasiingie jela. Wewe umekwisha toka! Unataka wakurudishie miezi yako?"

"Nataka jina langu."

Akaacha kucheka. "Sikiliza. Jaji ana mkono wa kupunguza na mkono wa kuongeza. Ukimchosha, ataona ulifungwa kidogo. Atakurudisha ukamalizie."

Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anageuza vitumbua, hata hakuinua uso.

"Ukirudi jela usinitumie mtu kudai sabuni. Nitakuwa kwetu."

"Na nisipokwenda?"

"Utakula vitumbua vyangu mpaka ufe."

Nikaenda. Jaji akakubali kunisikiliza, ingawa siku za rufaa zilikuwa zimepita. Alikuwa mzee mwenye nywele za bandia, na Mwarabu wangu alikuwa ameketi nyuma, kaja kumtazama mwendawazimu. Jaji akauliza kwa mkalimani, "Kifungo umemaliza. Mahakama ikupe nini?" Nikasema, bwana, ngozi ile ilikuwa ujira wangu, si wizi, na mkono unaoitwa wa mwizi haumchinjii mtu mbuzi. Jaji akamtazama mkalimani kama anayeuliza, hii kweli? Mkalimani akatazama meza. Ndipo Jaji akaagiza Mwarabu apande kizimbani, akaapishwa kwa Msahafu.

"Umewahi kuoza binti?"

"Ndiyo, bwana."

"Mchinjaji alichukua nini?"

Mwarabu akageuka akatazama nyuma. Nilimwelewa. Akisema kweli, basi amemfunga mtu bure, na nyuma pale wamekaa wateja wake.  Askari aliyesimama karibu nami akasogea hatua moja, sijui kwa nini, nikaona pingu kiunoni mwake.

"Jibu."

"Shingo," akasema.

"Shingo tu?"

Feni ya darini ilikuwa ikilia. Mwarabu akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya ngozi.

"Na ngozi, bwana. Ngozi ni ya mchinjaji. Kila mtu anajua."

"Mbona hukusema kwa Bwana Shauri?"

"Sikuulizwa."

Jaji akaandika. Akaandika wallahi kama anaandika msahafu mzima. Kisha akasema kwa Kiingereza, mkalimani akageuza: hukumu imefutwa, huyu si mwizi. Nikaomba mkalimani arudie kwa sauti, walioko nyuma wasikie. Akatabasamu, akarudia.

Ijumaa shehe akatangaza msikitini, na wiki ile ile nikaitwa harusi ya jirani. Nikachinja. Wali ukaletwa, tukazunguka sinia, na mikono yote ikakaa mapajani. Shehe akasema bismillahi, akachukua mnofu mkubwa, akatafuna taratibu huku akituangalia mmoja mmoja. Wakaanza kula. Wengine walikula kwa njaa kweli.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili, rafiki yangu tangu utotoni, alikuwa kando yangu. Akachota wali wa upande wake, mweupe, akaupitisha mbali na nyama. Nikamsogezea kipande. Akasema, "Nimeshiba, ndugu yangu," na akaendelea kula wali.

 Nikakila mimi kile kipande.