Shikamoo kwa Mwanafunzi Wangu

Juzi niliwafundisha kidato cha pili aljebra: popote penye x, iondoe, weka thamani yake mahali pake. Nilieleza kama bingwa. Jana Hassani, mwanafunzi wangu hodari, hakuja shule, nikamfuata kwao, kijiji cha ujamaa nje ya Korogwe.

Bibi yake akanipokea. "Mume wangu ana homa, mwalimu. Ingia umwone."

Ningewezaje kukataa kumjulia hali mzee? Nikaingia chumbani gizani, nikainama kitandani kwa adabu zote alizonifunza mama. "Shikamoo, babu."

Shuka likafunuka. Alikuwa Hassani.

"Mwalimu, babu alishafariki," akanong'ona, akiona aibu kwa niaba yangu. "Mimi nina jina lake. Bibi kaniweka mahali pake."